Leseni ya Dalali na Swali Tusiloliuliza

Kila mjadala kuhusu madalali wa nyumba unapozuka darasani kwangu, wanafunzi hufikia uamuzi uleule kabla ya dakika kumi kwisha: wapewe leseni, na atakayekiuka maadili afutiwe. Siwalaumu. Mpangaji wa Sinza au Mbagala anayemlipa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kuonyeshwa chumba tu, kisha akakuta wenzake wawili wamekwisha kukilipia, ana haki ya kutamani mahali pa kumshitaki. Wathamini wetu wana sheria yao tangu 2016. Wakenya walitunga ya mawakala wa ardhi na majumba, yenye bodi na usajili, tangu 1984. Hata hivyo, chombo hiki kina historia, na ipo sehemu yake ambayo watetezi wa leseni huiruka. Ilitokea Chicago.

Mawakala wa majumba wa Marekani walianzisha chama chao cha taifa mjini humo mwaka 1908. Kazi yao ilidharauliwa wakati huo kama udalali unavyodharauliwa Kariakoo leo. Chama kikaitafuta heshima kwa njia mbili: mwaka 1913 kilitoa kanuni za maadili, kisha kikayahimiza majimbo yatunge sheria za leseni. California ilitangulia mwaka 1917. Sheria yake ikatenguliwa mahakamani, ikatungwa upya 1919. Mpaka hapo ni habari njema: mlaghai aondoke, mteja alindwe.

Mwaka huohuo wa 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Buchanan dhidi ya Warley lililotoka Louisville, iliikataza miji kugawa mitaa kwa rangi kwa kutumia sheria ndogo. Watu Weusi walikuwa wakimiminika Chicago kutoka Kusini kutafuta kazi viwandani na machinjioni, na mitaa waliyoachiwa ilikuwa imefurika. Julai 1919 ghasia za kirangi zikalipuka; watu 38 wakauawa. Serikali ilikuwa imezuiwa kuujenga ukuta, basi taaluma ikajitolea kuujenga. Mwaka 1921 bodi ya mawakala wa Chicago iliazimia kwamba mwanachama atakayemuuzia Mweusi nyumba katika mtaa wa Wazungu watupu afukuzwe mara moja. Mwaka 1924 chama cha taifa kikaliingiza wazo hilo katika kanuni zake, ibara ya 34: wakala asiwe chanzo cha kuwaingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambao kuwapo kwao kutashusha thamani ya majumba.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Adhabu hii haikumlenga aliyekula amana ya mteja. Ilimngoja aliyefanya kazi yake kwa uaminifu: kampata muuzaji aliye radhi, kampata mnunuzi mwenye fedha, kawakutanisha. Huo ndio ulioitwa utovu wa maadili. Na lugha yenyewe ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Chuki haikutajwa, ilitajwa thamani. Lugha ya namna hiyo hatuioni ngeni sisi. Kanuni za ujenzi za Dar es Salaam ya kikoloni zilizungumzia aina ya majengo katika kila ukanda, na hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu ili Uzunguni, Uhindini na Uswahilini vijulikane.

Mawakala Weusi, waliofungiwa mlango, waliunda chama chao wenyewe mwaka 1947. Mwaka uliofuata, katika shauri la Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama ya Juu ilikataa mahakama zisitumike kutekeleza mikataba ya kuwazuia Weusi kununua nyumba. Ibara ikaandikwa upya 1950, maneno ya rangi na taifa yakaondolewa. Desturi haikuondoka nayo.

Wakati huo wote ulaghai halisi ulinawiri, hali ya kuwa leseni zipo na kanuni zipo. Walanguzi waliwatia hofu wenye nyumba Wazungu, wakanunua kwa bei ya chini, kisha wakawauzia Weusi walionyimwa mikopo ya benki kwa bei ya juu mno, kwa mikataba ya malipo ya kidogokidogo. Aliyekosa awamu moja aliweza kutolewa nje na kupoteza yote aliyokwisha kulipa. Ilibidi sheria ya Aprili 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ndipo ubaguzi wa kuuza na kupangisha ukawa kosa nchi nzima, na mbinu ile ya kutia hofu nayo ikakatazwa. Chama kiliomba radhi hadharani Novemba 2020, yaani miaka 96 baada ya ibara ile.

Kwa hiyo utakapoletwa muswada wa madalali hapa kwetu, mimi nitaanzia kwenye vifungu vya muundo wa bodi kabla ya kusoma orodha ya adhabu. Nitatazama kama mpangaji ana kiti humo au wamo mawakala na wenye majumba peke yao. Kama malalamiko yanapokelewa Mbagala au ni lazima yapelekwe Dodoma. Na kama kukataa kumpangishia mtu kwa sababu ya kabila, dini au ulemavu wake kumeandikwa miongoni mwa makosa.