Mstari uliolala: kupima atomu zinavyohama

Nilipotea kidogo. Wiki nzima nilikuwa nikipigana na programu moja.

Mwalimu mmoja wa fizikia aliniomba nimwandikie programu ya kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi atomu za kimiminika zinavyotembea. Nikaziweka ndani ya kisanduku, nikapima kila moja imehama umbali gani kutoka ilipoanzia, nikachora grafu. Mstari ukapanda vizuri, halafu ukalala tambarare. Eti kimiminika kimeganda! Kidogo tu nimpelekee hivyo hivyo.

Ilinibidi nirudi kwa wazee wa kazi hii.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza mwendo wa chembe ndogo majini, inayosukumwa huku na huku na molekuli. Ukitafuta wastani wa kuhama kwa chembe nyingi unapata sifuri, maana zinazokwenda kushoto zinafuta zinazokwenda kulia. Dawa ni kutafuta kwanza mraba wa kila umbali, ndipo upige wastani. Wastani huo hukua sawia na muda: ukisubiri mara nne zaidi, chembe imefika mbali mara mbili tu.

Kuanzia 1908, Jean Perrin wa Paris alilipima jambo hilo kwa hadubini. Alitia alama mahali punje ya utomvu ilipo kila baada ya sekunde 30, akaunganisha alama kwa mistari. Hesabu zikakubaliana na Einstein, na wengi waliokuwa wakibisha kwamba atomu zipo wakasalimu amri. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Kisha kompyuta zikaingia. Mwaka 1959 Berni Alder na Thomas Wainwright, kule Livermore, California, walichapisha picha za njia za tufe 32 zilizochorwa na kompyuta kwenye kioo chake. Katika hali ya yabisi kila tufe inahangaika palepale. Katika hali ya umajimaji njia zinaingiliana. Hata mtoto anaona tofauti.

Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad, India, akiwa maabara ya Argonne karibu na Chicago, aliigiza atomu 864 za argoni kwa kompyuta ya CDC 3600. Mstari wake ulinyooka alivyosema Einstein, na kasi ya kusambaa ikalingana na vipimo vya argoni halisi.

Lakini atomu 864 ni chache. Ukizifungia kwa kuta, nyingi zitakuwa zinagusa ukuta. Kwa hiyo inayotokea kulia huingizwa upande wa kushoto, kama yule nyoka wa mchezo wa simu za zamani.

Hapo ndipo nilipoteleza. Atomu iliyosafiri ikavuka ukuta na kurudi upande wa pili, mimi nilihesabu kwamba haijatoka nyumbani! Hakuna umbali ungeweza kuzidi kisanduku chenyewe, ndiyo maana mstari ulilala.

Nilifanya nini? Kila atomu ikivuka ukuta, naandika pembeni imevuka mara ngapi na upande gani, kisha najumlisha upana wa kisanduku kwa kila safari. Mistari mitano ya kodi. Grafu ikanyooka, na mwalimu akapata programu yake Ijumaa.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na ukiona grafu yako imelala, uliza kwanza ulipimia wapi.