Gitaa Safi na Gitaa la Kukwaruza: Hoja ya Vali

Tunduma ni mji wa mpakani, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na Wanamwanga wakaa pande zote mbili. Kwa msikilizaji wa gitaa la umeme, mji huu wasimama kati ya mapokeo mawili. Nyuma yake ni muziki wa dansi wa Western Jazz, iliyoanza mwaka 1959, wa NUTA Jazz ya mwaka 1964, na wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro: gitaa safi, kila noti yasikika peke yake. Mbele yake ni zamrock, tunayoisikia katika santuri za WITCH na Amanaz za mwaka 1975: gitaa linalonguruma na kukwaruza.

Wako wasemao kwamba wapigaji wetu hawakukwaruza kwa kuwa vyombo vyao vilikuwa duni. Neno hili naliona kuwa kinyume cha ukweli, na vali yenyewe ndiyo shahidi.

Vali ni chupa ya kioo isiyo na hewa. Ndani yake metali iliyopashwa moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba lenye umeme mwingi; kati yao pana wavu, na ishara ndogo ya gitaa ifikapo kwenye wavu hutawala mkondo mkubwa. Ishara ikizidi kiasi, vilele vya wimbi hukatwa, na sikio husikia mkwaruzo. Basi amplifaya ndogo ndiyo hukwaruza mapema. Jozi ya vali za EL84 hutoa wati kama 15. Jozi ya EL34 yaweza kufika 50. Katika ukumbi uliojaa wachezaji, penye tarumbeta na ngoma, mwenye chombo kidogo hana budi kukifungulia mpaka mwisho, na sauti huchafuka apende asipende. Usafi ndio uliokuwa mgumu kupatikana. Ulitaka nguvu ya akiba na mkono wenye kiasi.

Tena ulikuwa na kazi. Katika dansi magitaa husemezana, solo juu ya ridhimu. Noti kadhaa zikikwaruzwa pamoja huzaa sauti zisizoombwa, na mazungumzo hupotea. Zamrock ilitaka noti moja ilie kwa muda mrefu, na mara nyingi mkwaruzo wake ulitoka katika kisanduku cha transista kinachokanyagwa kwa mguu, wala si katika vali.

Atakaye sauti ya dansi leo aitoe ECC83 ya mwanzo, ambayo hukuza mara 100 hivi, aweke ECC81 ya mara 60, kwani tundu ni lile lile. Besi aipunguze, isigongane na gitaa la besi. Vali kuukuu za Uingereza zauzwa ghali mno. Mpya za Uchina, Urusi na Slovakia zatosha. Vali za nguvu amwachie fundi: umeme wake aghalabu hupita volti 300, nao hubaki katika kapasita hata chombo kikiisha kuzimwa.