Mshahara Hupandishwa na Nani? Maneno Machache juu ya Historia ya Kima cha Chini katika Tanganyika

Katika lugha yetu bei hupanda, lakini mshahara, aghalabu, hupandishwa. Unga ukiuzwa leo ghali kuliko jana, msemaji wa Kiswahili husema kuwa bei imepanda, kana kwamba imeinuka yenyewe wala hapana aliyeiinua. Mshahara huingia zaidi katika kauli ya kufanyiza, na kauli hiyo yataka mtenda: fulani ameupandisha. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba siasa ya kima cha chini cha mshahara katika Tanganyika ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ushindani wa kuishika nafasi ya mtenda huyo.

Yafaa tuanze na majina. Neno mshahara limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni shahr, yaani mwezi. Maana yake ya asili ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Lakini watu wengi waliofanya kazi ya kulipwa zamani za utawala wa kigeni hawakujulikana kwa jina la mshahara. Waliitwa vibarua, jina lililotokana na barua ndogo, yaani cheti walichopewa kuwa ushahidi wa kazi yao. Katika mashamba ya mkonge kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ya kuugua haikutiwa alama juu yake. Waliotoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Kibarua, kipande, manamba: katika maneno hayo hapana hata moja linalomtaja mke, mtoto wala nyumba.

Maneno hayo yalisema kweli. Malipo yalipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, ambaye alidhaniwa kuwa ana shamba kwao, na kwamba huko mkewe hulima na kulea watoto. Kwa hiyo sehemu ya gharama ya kazi ya mjini na ya mashambani ililipwa na jembe la mwanamke aliyebaki kijijini, naye hakuandikwa katika daftari la mwajiri yeyote.

Dhana hiyo ilitikiswa kwa nguvu katika bandari ya jirani zetu. Januari 1947 maelfu ya wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine nyingi, waligoma pamoja kwa siku 12. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, baada ya kuchunguza mishahara ya Waafrika wa Kenya, ilikubali kwamba kima kilichopimwa kwa mseja hakimtoshi mwenye jamaa, ikashauri kipandishwe hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka 10, hata kimfae mtu mwenye nyumba.

Katika Tanganyika vyama vya wafanya kazi viliungana mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kwa herufi TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Mwaka 1956 Dar es Salaam iliona migomo, na mwaka 1957 serikali ya kikoloni ikaweka kima cha chini cha mji huo: senti 42 kwa saa. Aliyefanya kazi saa 8 alipata shilingi 3 na senti 36 kwa siku. Kwa sarufi ya sheria, serikali ndiyo iliyopandisha. Kwa sarufi ya mambo yalivyotukia, watenda walikuwa wengi, na wengi wao hawakuwa na kiti serikalini.

Baada ya uhuru wa Desemba 1961 nafasi hiyo ilibadilika. Bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth iliitazama nchi nzima, na kuanzia mwaka 1963 kima cha Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi, karibu mara mbili ya kile cha 1957 kikihesabiwa kwa mwezi. Lakini katika mwaka wa 1962, Kawawa akiwa sasa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ambayo iliufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Mambo hayo mawili hayafai kusomwa mbali mbali. Mkono mmoja ulitoa ongezeko. Mkono wa pili ulichukua njia ambayo kwayo maongezeko ya zamani yalipatikana. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, ambao miongoni mwa madai yao lilikuwamo la mshahara, TFL ilivunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwombaji na mpaji wakawa mtu mmoja.

Si haki kuyaona haya kuwa hila tupu. Wenye mishahara walikuwa wachache katika nchi ya wakulima, na serikali ilikuwa na hoja iliposema kwamba shilingi ya mfanya kazi isitoke katika jasho la mlimaji. Tena kuli wa bandarini aliweza kuzuia meli, lakini mtumishi wa nyumbani angemzuia nani? Yeye na wanyonge wenziwe hawakuwa na mtetezi wa karibu ila sheria. Hata hivyo sheria ilikuwa na gharama yake. Waajiri walipunguza watu, hasa katika mashamba ya mkonge, ambao bei yake duniani ilianza kuanguka mwaka 1964. Waliobaki walidumu kazini na kuleta jamaa zao. Kibarua aligeuka mfanya kazi, lakini mlango wa kuingilia ukawa mwembamba.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, H. A. Turner wa Shirika la Kazi Duniani aliishauri serikali juu ya mishahara, nayo ikaamua kwamba maongezeko yasizidi asilimia 5 kwa mwaka. Mahakama ya kudumu ya kazi ikapewa uwezo wa kukubali au kukataa mapatano ya waajiri na wafanya kazi. Tangu hapo kima kilikwenda kwa matangazo: shilingi 240 mwaka 1972, 340 mwaka 1974, 600 mwaka 1981. Lakini zile 600 zilinunua pungufu kwa mbali kuliko zile 340. Mshahara ulikuwa umepandishwa mara nyingi, na mpandishaji alijulikana. Bei zilikuwa zimepanda, wala hakutajwa aliyezipandisha.

Mengi yamegeuka tangu siku hizo. Chini ya sheria za mwaka 2004 kima cha sekta hupitia katika bodi ambazo wafanyakazi na waajiri wana wajumbe ndani yake. Ila desturi ya tangazo ingalipo. Siku ya Mei Mosi 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha watumishi wa umma kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ongezeko hilo lilikuwa kubwa, na aliyelipokea hana sababu ya kulibeza. Lakini sentensi yake ina mtenda mmoja.

Kwa sisi tushughulikao na lugha, kazi iliyo mbele yetu yafanyika kwa magazeti ya zamani: Mambo Leo, Mwafrika, Uhuru. Humo twaweza kutafuta, mwaka kwa mwaka, kila sentensi yenye neno mshahara, na kuandika ni nani aliyetajwa kuwa ameupandisha, ni nani aliyetajwa kuwa ameomba, na tangu lini wafanya kazi walianza kuonekana upande wa kupokea tu.