Taarikhi ya Kichujio cha Masizi na Maradhi Yake ya Kuziba

Katika vyombo vyote ambavyo wahandisi wameviongeza katika motokaa tangu ilipobuniwa, ni vichache vilivyowatia wenye magari fadhaa kama kichujio cha masizi kinachokaa katika bomba la moshi la gari la dizeli, ambacho mafundi wa gereji zetu hukiita kwa herufi tatu tu, DPF. Taa yake inapowaka kwenye dashibodi, na gari likapungua nguvu hata likashindwa na mlima liliouzoea, mwenyewe aghalabu hudhani kwamba amepatwa na ubovu mpya ulioletwa na zama hizi za kompyuta. Ilhali kuziba ni maradhi ambayo kichujio hiki kilizaliwa nayo, na taarikhi yake yote, tangu majaribio ya kwanza hata leo, ni taarikhi ya watu waliotafuta tadbiri ya kuyaondoa masizi baada ya kwisha kuyakamata. Kukamata kulikuwa kwepesi. Kuondoa ndiko kulikowashughulisha wataalamu kwa miaka zaidi ya ishirini, na asiyeijua habari hiyo ni vigumu kulitunza gari lake au kumwuliza fundi wake swali la maana.

Asili ya jambo hili ni injini yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alikusudia kuunda mtambo utakaopata kazi nyingi kwa mafuta machache, na mwaka 1897 huko Augsburg injini yake ilipimwa ikadhihirika kwamba yageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, daraja ambayo injini za mvuke za wakati ule hazikuweza kuifikia. Siri yake ni kwamba hewa peke yake hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, ndipo mafuta yakapulizwa ndani yake yakawaka pasipo cheche. Lakini fadhila hiyo ina dhara lake: mafuta yanayoingia mwishoni kabisa hayapati nafasi ya kuchanganyika sawasawa na hewa, na mahali penye mafuta mengi na hewa chache mwako haukamiliki, kaboni ikatoka kuwa masizi, chembe ndogo mno ambazo nyingi hazifiki hata sehemu moja katika mia ya unene wa unywele.

Kwa muda wa zaidi ya nusu karne moshi huo mweusi ulihesabiwa kuwa ni uchafu wa kustahamiliwa, kwani dizeli ilikuwa mafuta ya meli, matrekta na malori, na hata baada ya Mercedes-Benz kuonyesha gari lake la abiria la 260 D mjini Berlin mwaka 1936, waliolipenda zaidi walikuwa madereva wa teksi. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda duniani na watu wakaanza kulithamini gari linalokwenda mbali kwa mafuta machache. Na kadiri dizeli ilivyozidi mijini, ndivyo matabibu walivyozidi kuuchunguza moshi wake. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika miji sita ya Marekani, wakaonyesha ya kuwa penye chembe nyingi zaidi hewani watu hufa mapema zaidi. Na mwaka 2012 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, iliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu ambavyo ni yakini kwamba huleta saratani kwa binadamu. Tangu hapo hapana aliyeweza kusema kwa insafu kwamba masizi ni uchafu wa kuta na nguo tu.

Wahandisi hawakuingoja hukumu hiyo. Mapema katika miaka ya 1970, watafiti watatu wa kampuni ya Corning katika jimbo la New York, nao ni Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis, walikwisha buni namna ya kutengeneza kauri yenye mamia ya vijia vyembamba vilivyonyooka, kwa ajili ya kusafishia moshi wa magari ya petroli. Kauri hiyo ilikuwa wazi pande zote mbili, na gesi ilipita moja kwa moja. Lakini mwishoni mwa muongo ule ikatokea fikra iliyo nyepesi kuisimulia na kubwa kwa manufaa yake, nayo ni kuviziba vijia kwa kupishana, hiki mwanzoni na jirani yake mwishoni, hata moshi ulioingia katika kijia na kukuta mwisho wake umefungwa usiwe na budi ila kupenya katika ukuta wa kauri wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, gesi ikapita na masizi yakabaki ukutani. Tadbiri hiyo ndiyo itumikayo mpaka leo, na kichujio kilicho kizima huzuia zaidi ya sehemu 95 katika 100 za masizi.

Kila aliyewahi kuchuja tui anajua kwamba chicha isipotolewa katika kifumbu, nazi ya pili haipiti. Na hilo ndilo lililowakuta waliotangulia kukitia kichujio garini. Mwaka 1985 Mercedes-Benz, ili kutimiza sheria kali za hewa za jimbo la California, ilifunga kichujio cha kauri katika magari yake ya dizeli yaliyouzwa huko, ikakiweka karibu kabisa na injini, kabla ya turbo, kwa kutumaini kwamba joto la moshi mahali pale litatosha kuyachoma masizi. Matumaini hayo hayakutimia. Kwa dereva aliyekwenda polepole mjini joto halikupatikana, masizi yakajaa, moshi ukakosa njia na injini ikapoteza nguvu. Na tena kauri yenyewe ilimeguka, vipande vyake vikaingia katika turbo na kuiharibu. Baada ya mwaka 1987 chombo hicho kiliachwa, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya kichujio kurejea kwa kishindo katika magari ya abiria.

Tatizo, basi, lilikuwa ni joto. Masizi yaliyoachiwa hewa tu huhitaji joto la digrii 600 hivi ili yaungue, ilhali moshi wa gari linalotembea mjini aghalabu haufiki hata digrii 300. Kwa hiyo njia ni mbili, kulipandisha joto la moshi, au kulishusha lile ambalo masizi yanalihitaji. Kampuni ya Johnson Matthey ya Uingereza ilifuata njia ya pili, kwa kuutumia uwezo wa naitrojeni dayoksaidi, gesi ambayo hupatikana moshi unapopita juu ya platinamu, na ambayo huyachoma masizi kwa joto la digrii 300 hivi, kidogo kidogo bila ya kukoma. Na katika miaka ya 1990 chombo chake kilienea katika mabasi na malori ya Uswidi. Wakati huo huo Waswisi, waliokuwa wakichimba mahandaki marefu chini ya milima ya Alps, walivifunga vichujio katika mitambo yao ili kuwahifadhi wafanyakazi na masizi. Wala haikuwa sadfa kwamba Uswidi ilitangulia: tangu mwaka 1991 nchi hiyo ilipunguza ushuru wa dizeli iliyotolewa karibu salfa yake yote, na salfa ndiyo hasimu wa platinamu, huifunika isifanye kazi, kisha hugeuka kuwa chembe za salfeti na kuzidisha uchafu ule ule uliokusudiwa kuondolewa. Hapo ikadhihirika kanuni ambayo haijatanguka mpaka leo, kwamba matunzo ya kichujio huanzia katika kiwanda cha kusafishia mafuta, kabla hayajafika mikononi mwa dereva.

Gari la abiria lililofungua zama mpya ni Peugeot 607 ya mwaka 2000, na kufaulu kwake kulitokana na kuziunganisha njia zote mbili. Dawa yenye madini ya seriamu, iliyowekwa katika tangi lake peke yake, ilichanganywa kwa kiasi kidogo na dizeli, ikalishusha joto la kuungua kwa masizi hata digrii 450 hivi. Na mfumo mpya wa kupuliza mafuta kwa mgandamizo mkubwa, uliotangulia kuonekana katika Alfa Romeo 156 mwaka 1997, uliiwezesha kompyuta kupuliza mafuta kidogo ya ziada baada ya mwako mkuu kwisha, ili moshi upate moto zaidi. Kipimo kilicholinganisha mgandamizo wa moshi mbele na nyuma ya kichujio kiliijulisha kompyuta masizi yamejaa kiasi gani, na kila baada ya kilomita mia kadhaa ikaanza yenyewe kuyachoma, dereva asihisi lolote. Hata hivyo waundaji wake hawakudai kwamba kazi imekwisha, bali waliagiza kichujio kitolewe kusafishwa gari likitimiza kilomita 80,000, na dawa ijazwe upya.

Kisha sheria ikafuata. Daraja ya kwanza ya Ulaya, ile ya mwaka 1992, iliruhusu gramu 0.14 za chembe kwa kila kilomita. Daraja ya tano, iliyoanza mwaka 2009, ikashusha kiasi hicho hata gramu 0.005, ambayo gari la dizeli haliwezi kuitimiza pasipo kichujio. Ndipo chombo kilichokuwa cha mabasi na magari ya safari ndefu kikaingia katika maisha ya watu wa kila namna, na miongoni mwao wengi ambao safari yao ya kila siku ni kutoka nyumbani mpaka shule ya watoto na sokoni. Kwa watu hawa maradhi ya California yalirejea kwa sura nyingine: kompyuta huanza kuyachoma masizi, lakini kabla ya dakika kumi na tano au ishirini zinazohitajika kutimia, gari limekwisha zimwa, kazi ikabaki nusu, na jambo hili likikariri, masizi huzidi, na yale mafuta ya ziada yasiyoungua hutiririka katika kuta za silinda yakateremka na kuchanganyika na oili, ikawa nyepesi na kushindwa kuihifadhi injini.

Pamoja na masizi kuna majivu, na wengi hawayatofautishi mambo haya mawili, ilhali tofauti yake ndiyo inayoamua tiba. Masizi ni kaboni, nayo huungua ikatoweka. Ama majivu ni mabaki ya kalsiamu, zinki na fosforasi zilizotiwa katika oili ya injini ili kuipa nguvu, na hakuna moto wa gari utakaoyaondoa. Kwa sababu hii, tangu mwaka 2004, chama cha waundaji wa magari wa Ulaya kiliweka daraja maalumu za oili zenye majivu machache, zinazojulikana kwa herufi C. Na mwenye kumimina oili yoyote aionayo rahisi hukijaza kichujio chake takataka ambazo hazitatoka ila kwa kukifungua na kukisafisha kwa mashine.

Huku kwetu Afrika Mashariki kichujio kilikuja kwa bahari, ndani ya magari yaliyokwisha tumika Japani na Ulaya, na kwa muda kilikuta mafuta yasiyokifaa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaafikiana kuingiza dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, mahali ambapo hapo awali zilihesabiwa kwa mamia na hata maelfu. Hatua hiyo ni ya kusifiwa sana. Lakini gari linalofika bandarini likiwa na miaka saba au minane huja na majivu ya miaka hiyo yote, kisha huingia katika misongamano ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako mwendo wa kasi moja wa kukiunguza kichujio haupatikani kwa urahisi, na mnunuzi wake hakuambiwa kwamba kitu hicho kimo.

Hapo ndipo hutokea shauri linalopendwa, la kukikata kichujio, kuitoa kauri yake yote na kuifundisha kompyuta isikiulize tena. Huko Uingereza, tangu Februari 2014, gari ambalo kichujio chake kimeondolewa hushindwa ukaguzi wa kila mwaka. Kwetu shauri hilo hutolewa hadharani, na kwa bei nafuu. Mimi nasema kwamba ni shauri baya, kwanza kwa sababu halitibu kitu: kichujio hakizibi bila ya sababu, na huenda sababu hiyo ni nozeli zinazovuja, turbo inayopitisha oili, au kipimo kilichoharibika, nayo hubakia ndani ikiendelea kuila injini. Fundi mwaminifu huitafuta sababu kwanza, kisha huyachoma masizi kwa mashine yake ya uchunguzi, na ikiwa ni majivu hukitoa kichujio kikasafishwa. Naye dereva aliyeiona taa mapema aghalabu huponywa na safari moja ya barabara kuu, kwa mwendo ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, masizi hayaondoki kwa kukatwa kichujio, hubadili tu mahali pa kukaa. Miaka yote hiyo ya majaribio, na kauri zote zilizovunjika tangu California, zilikuwa na muradi mmoja, kwamba anayefaidi nguvu ya dizeli abebe mwenyewe uchafu wake mpaka uungue. Mwenye gari hana budi kuchagua: ama atayaondoa masizi yake kwa gharama yake na kwa matunzo yake, ama watoto wanaongoja basi kando ya barabara watayavuta, na hao hawakuulizwa.