Umeme umerudi Tunduma, mbona VPN haijawaka? Ifahamu alama ya @ kwenye Linux

Umeme ukikatika Tunduma usiku na kurudi alfajiri, kompyuta ya ofisi ya wakala wa forodha inaweza kujiwasha yenyewe. Lakini je, laini ya VPN ya kwenda Dar es Salaam nayo itapanda? Hapo inategemea neno moja: "enabled".

Kwenye mpaka huu, ambako Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, mawasiliano yakilala, nyaraka zinalala. Na malori nayo yanasubiri.

Kiolezo ni nini?

Linux nyingi huendesha huduma kwa systemd. Ukiona jina lenye @ kabla ya nukta, mfano wg-quick@.service ya WireGuard, hicho ni kiolezo. Ni kama fomu tupu, chenyewe hakiendeshi kitu.

Ukikijaza jina, wg-quick@dar, unapata nakala inayosoma faili la /etc/wireguard/dar.conf. Unataka laini nyingine ya ofisi ya Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe? Andaa vwawa.conf, kisha tumia wg-quick@vwawa. Fomu moja, nakala mbili.

"Active" na "enabled" ni vitu viwili

- active: huduma inafanya kazi sasa hivi.
- enabled: huduma imepangwa kujiwasha kila mashine inapowaka.

Ukitumia "start" peke yake, laini inapanda leo, ila umeme ukikatika ndiyo basi. Amri hii inafanya yote mawili:

sudo systemctl enable --now wg-quick@dar

Wengi wanakosea hapa

Wanauliza hali ya kiolezo badala ya nakala. Kiolezo kinaweza kujibu "indirect", au hata "disabled" kwenye baadhi ya matoleo, wakati nakala ya dar iko sawa kabisa. Uliza hivi:

systemctl is-enabled wg-quick@dar

Kumbuka pia, kuwezesha dar hakuiwezeshi vwawa. Kila nakala na amri yake.

Unataka kuziona zote? Fungua folda ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants. Nakala za WireGuard zilizowezeshwa zina kiungo humo.

Mwisho, chagua muda kazi zikiwa chache, zima mashine na uiwashe. Bora ugundue tatizo wewe kuliko ligunduliwe na dereva aliye kwenye foleni.