Nauli ya Kupanda Usambara na Nauli ya Kupanda Angani

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Lushoto, usirudi pwani kabla ya kwenda Irente. Pale mlima hukatika ghafla kama ukingo wa dari, na chini kabisa huiona Mazinde na nyika iliyotandazwa kama jamvi. Nilikwenda na watoto wangu, na mdogo wao akaniuliza: "Baba, na kule juu zaidi, wanakokwenda matajiri kwa roketi, nauli yake kiasi gani?" Nduguze wakamcheka. Mimi sikucheka, kwani mahali pale tuliposimama napo palikuwa na nauli isiyofikirika zamani.

Milima hii haikuwa mitupu. Vuga palikuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, na watu wa Pangani na Tanga walipanda kwake kwa miguu. Krapf alikwenda mwaka 1848, na Burton na Speke wakafuata mwaka 1857, nao pia kwa miguu, na mizigo yao juu ya mabega ya watu wengine. Ama mtu kupanda kwa ajili ya kupunga upepo tu, hilo halikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kisha wakaja Wajerumani. Kampuni yao ilianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, na ilipofika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu, fedha zikawa zimekwisha. Hebu fikiri: kampuni ya watu wenye mali, na ikashindwa kabla hata ya kuuona mlima vizuri! Mwaka 1899 serikali yao ikainunua reli ile, ikaisukuma mpaka Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kutoka Tanga hadi Mombo ni kilomita 129. Kutoka Mombo wakubwa walipanda kwa barabara hadi Lushoto, ambapo wao walipaita Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, wakakimbilia huko joto na homa za pwani.

Usidhani kwamba nauli ya starehe ile ililipwa na mwenye kustarehe peke yake. Karibu mwaka 1907, katika wilaya hiyohiyo ya Wilhelmsthal, kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimisha kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Ujira ulikuwapo, lakini hiari haikuwapo. Mwenye kadi yule ndiye aliyekuwa akilipa, ingawa tikiti hakukata.

Basi ilikuwaje hata leo mchuuzi wa samaki wa Tanga akamudu kupanda basi na wanawe, akalala Lushoto usiku mmoja na kurudi? Si kwa huruma ya mtu. Katani, mbao, kahawa, na baadaye mboga na matunda, vyote vilitaka kushuka pwani, na njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo ikaja kumchukua na abiria. Mzigo ndio uliolipia njia. Abiria amedandia tu. Nakuomba uliweke neno hili moyoni, kwani nitalirudia.

Sasa tutazame huko juu. Wataalamu wengi huhesabu kwamba anga za nje huanzia kilomita 100 kutoka ardhini. Ni karibu kuliko Mombo kwa mtu wa Tanga! Gharama haiko katika umbali, iko katika mwendo: chombo kitakacho kuizunguka dunia bila kuanguka lazima kiende kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kasi hiyo hula mafuta mengi mno.

Mtalii wa kwanza kujilipia safari hiyo, Dennis Tito wa Marekani, alipanda mwaka 2001 kwa chombo cha Warusi, na ilisemekana alitoa dola milioni 20 hivi. Watu wakasema, subirini, bei itashuka. Mwaka 2022 wasafiri waliokwenda kituo kilekile kwa chombo cha SpaceX walitajwa kulipa dola milioni 55 kila mmoja. Imepanda! Hata ile safari fupi ya Virgin Galactic, ya kurushwa juu, kuelea dakika chache na kurudi, tikiti zake za mwanzo ziliuzwa dola 200,000, na mwaka 2021 zikawa dola 450,000, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja za Tanzania. Mwezi wa Juni 2024 safari hizo zilisimamishwa ili kampuni iunde vyombo vipya.

Na mizigo je? Mizigo ya angani watu wa pwani tunaijua. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na tangu mwaka 1967 hadi 1988 roketi zikarushwa hapo na satelaiti juu yake. Mojawapo, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya, iliitwa Uhuru. Ziliondoka mlangoni petu, na kiti cha abiria hakikuwamo. Tangu mwaka 2015 roketi zimejifunza kurudi na kusimama wima ili zitumike tena, na gharama ya kupeleka satelaiti imepungua sana. Lakini satelaiti hupanda na kubaki hukohuko. Haili, haivuti pumzi, wala hakuna anayeingojea nyumbani. Mtu sharti arudishwe hai, na hapo ndipo hesabu ya mlima na hesabu ya anga zinapoachana. Kwa hiyo mimi sitarajii kwamba watoto wetu watakata tikiti hiyo kwa mshahara wao. Wajukuu, Mungu ndiye ajuaye.

Waislamu wamekwisha kwenda. Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alipanda Juni 1985, siku za mwisho za Ramadhani. Anousheh Ansari, mzaliwa wa Iran, alikwenda mwaka 2006 kwa kujilipia. Sheikh Muszaphar wa Malaysia alipelekwa na serikali yake mwaka 2007, na wanazuoni wa huko wakamwandikia mwongozo wa sala: aelekee Kaaba kwa kadiri awezavyo, na akishindwa aielekee dunia, na akishindwa basi popote. Kibla kimepata jibu kabla ya nauli.

Nilimweleza mwanangu haya tukiwa tunashuka. Juu ya basi letu yalifungwa magunia ya kabichi na matenga ya mapeasi, na kila kona ya kuelekea Mombo yalilalia upande mmoja. Utingo alipokuja kudai nauli, mdogo yule akataka ailipe yeye kwa mkono wake, akahesabu sarafu moja moja.