Kwa Nini Kocha Anaitwa Mwalimu

Kirua Vunjo ardhi tambarare ni adimu. Ukiiacha njia kuu ya Moshi–Himo, barabara inapanda tu, vihamba vya migomba na kahawa kulia na kushoto, mifongo ikiteremsha maji ya mlimani pembeni. Mahali ambapo mtu anaweza kuuweka mpira chini ukatulia ni uwanja wa shule au wa kanisa, na hata huko goli moja mara nyingi liko juu kuliko lenzake. Nahodha anayeshinda kura ya kuchagua upande huangalia mteremko kwanza, jua baadaye. Mpira ukitoka upande wa bondeni, mtu huufuata migombani na wenzake husubiri. Anayepanga nani aanze na nani apumzike ni mtu mmoja mwenye filimbi shingoni na daftari mkononi. Wachezaji hawamwiti kocha. Wanamwita mwalimu.

Watanzania wameizoea lugha hiyo kiasi kwamba hawaisikii tena. Mtangazaji wa redio atamwita mwalimu hata kocha aliyeshuka jana kutoka Ulaya kuja kuifundisha Simba au Yanga. Ila neno hilo halikuokotwa njiani. Kwa miongo mingi aliyefundisha kandanda katika nchi hii alikuwa mwalimu kweli, wa kushika chaki asubuhi na filimbi jioni. Anayetaka kujua benchi la ufundi la timu ya wasichana ya chuo limetoka wapi, na kwa nini mpaka leo lina upungufu wa wanawake, inambidi aanzie darasani.

Kilimanjaro darasa lilifika mapema. Wamisionari Wakatoliki walijenga Kilema, jirani wa Kirua upande wa mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walishika Machame mwaka 1893. Kazi ya kuandaa walimu ilianza Marangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Chuo cha Ualimu Marangu kipo hadi leo. Kila shule ya misheni ilihitaji uwanja wa paredi na wa michezo, kwa hiyo shule ndizo zilizochonga mlima na kupata vipande vya ardhi tambarare. Pale ndipo mpira wa miguu ulipopata makao, na aliyekuwa na funguo za stoo ya mipira alikuwa mwalimu.

Wasichana nao walikwenda shule, lakini mchezo waliogawiwa ulikuwa mwingine: mpira wa pete. Watu wengi huamini mgawanyo huo ni mila za Kiafrika. Tarehe zinasimulia jambo tofauti. Mwaka 1921 Chama cha Soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vyote vya klabu zake, na zuio hilo lilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huohuo Uingereza ndiyo iliyokuwa ikiitawala Tanganyika na kusambaza soka shuleni. Mkoloni alileta mpira pamoja na marufuku yake. Shule ya wasichana ilipewa pete, ya wavulana ikapewa magoli, na kizazi kilichozaliwa baadaye kikadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Uhuru ulibadili mengi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yakawa ngazi ambayo mtoto wa kijijini aliipanda kutoka uwanja wa mteremko hadi kuonekana kitaifa. Mjini Moshi, Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa mwaka 1963, leo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilikuwa na uwanja ambao mji mzima ulijivunia. Mgawanyo wa pete na goli, hata hivyo, ulibaki palepale. Walimu wa kike waliosomea michezo walirudi shuleni kufundisha netiboli na riadha. Ualimu wa kandanda ulibaki kazi ya wanaume kwa sababu nyepesi kabisa: hufundishi mchezo ambao hukuruhusiwa kuucheza.

Aliyevunja mzunguko huo hakutoka Kilimanjaro wala Dar es Salaam. Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake waliunda timu wakaiita Women Fighters, jina lisilohitaji ufafanuzi. Kati yao alikuwepo Nasra Juma, ambaye alicheza, akaongoza wenzake, kisha akawa mwalimu wao. Mwaka 2007 mtengenezaji filamu Florence Ayisi alitoa filamu ya hali halisi juu ya timu hiyo, *Zanzibar Soccer Queens*, na dunia ikawaona wanawake wakivua hijabu, wakivaa jezi, kisha wakirudi nyumbani kupika. Nasra baadaye alikaa benchi la Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, akiwa kocha msaidizi. Katika historia ya ualimu wa soka la wanawake nchini, jina lake linastahili kutajwa kabla ya mengi yanayotajwa kwa sauti kubwa zaidi.

Bara walikuja nyuma, na walipokuja, benchi lilishikwa na wanaume. Mwaka 2010 Twiga Stars ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika zilizofanyika Afrika Kusini. Kocha wake alikuwa Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, ambaye mashabiki walimpa jina la Master. Yaani mwalimu, tena kwa Kiingereza cha shuleni. Timu ilipoteza mechi zote tatu, ila iliwaonyesha wasichana wa nchi nzima kwamba njia ipo.

Inafaa kulitazama benchi lenyewe kwa karibu. Timu kubwa ina kocha mkuu, wasaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari, meneja na mtunza vifaa. Timu ya wasichana ya chuo ina viti vichache vya plastiki vilivyoazimwa bwaloni, dumu la maji, sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji na dawa ya kupuliza, na mfuko wa vizibao vya mazoezi ambavyo kwa kawaida havitoshi. Mwalimu wa michezo ndiye kocha mkuu, kocha wa makipa na meneja. Msaidizi wake mara nyingi ni mwanafunzi wa kiume anayechezea timu ya chuo. Mwanamke yupo, lakini cheo chake ni mlezi. Yeye hukagua mabweni, hushika simu na pochi za wachezaji mechi ikiendelea, humsindikiza aliyeumia zahanati, na humpigia simu mzazi asiyetaka binti yake asafiri. Kazi zake ni nzito, na bila yeye timu haiondoki chuoni. Lakini mapumziko yanapofika na wachezaji wakaketi kwenye nyasi kumzunguka mwalimu, mlezi husimama nyuma na maji.

Hapo ndipo palipo kiini cha historia hii. Mlezi huyo mara nyingi anawajua wachezaji kuliko kocha: nani hajala, nani anaumwa tumbo la mwezi, nani amepokea habari mbaya kutoka nyumbani. Ni maarifa ya ufundi hayo, sawa na kujua mfumo wa 4-3-3. Kilichokosekana ni mtu wa kumpeleka kozi.

Nyuzi za mfumo wa michezo ya shule nazo zilikatika wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilisimamishwa kwa hoja kwamba inavuruga masomo, ikarejeshwa miaka kadhaa baadaye. Wavulana walikuwa na mitaa na klabu za mchangani za kuwahifadhi katika kipindi hicho. Wasichana hawakuwa nazo. Binti wa Kirua aliyekuwa na mguu mzuri miaka ile alirudi kihambani kukata majani ya ng'ombe, na anayeweza kuhesabu walimu wangapi wa kike wa soka walipotea kwa namna hiyo hayupo.

Mambo yalianza kubadilika kwa kasi baada ya 2016. Mwaka huo timu ya Tanzania Bara, iliyovaa jina la mlima, Kilimanjaro Queens, iliifunga Kenya 2-1 katika fainali ya CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, kule Jinja, Uganda, na miaka miwili baadaye ikatetea ubingwa Kigali. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka 2021 Twiga Stars chini ya Bakari Shime ilitwaa Kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, kwa kuifunga Malawi 1-0. Mwaka uliofuata Shime huyohuyo aliipeleka Serengeti Girls, timu ya walio chini ya miaka 17, kwenye Kombe la Dunia India. Waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Wengi wa mabinti wale walikuwa bado na sare za shule kabatini.

Na wanawake wakaanza kuvuka kutoka nyuma ya benchi kwenda mbele yake. Edna Lema, mwenye jina la ukoo linalosikika sana Kilimanjaro, alikaa pembeni ya Shime akiwa msaidizi katika timu ya taifa na akaifundisha Yanga Princess. Mashabiki wakamwita Mourinho. Esther Chabruma, mshambuliaji wa Twiga Stars ya zama za 2010, alistaafu kucheza akachukua filimbi. Mwaka 2023 aliiongoza JKT Queens kutwaa ubingwa wa kanda ya CECAFA kule Uganda na kufuzu Ligi ya Mabingwa Afrika iliyochezwa Ivory Coast. Huyu ni mtu aliyepita njia yote: mchezaji, mkongwe wa chumba cha kuvalia, mwalimu. Wachezaji wake hawakuhitaji kueleweshwa maana ya kucheza huku jirani akisema utashindwa kuzaa. Mwalimu wao alishayasikia.

Yupo atakayesema kwamba muda utamaliza kazi yenyewe, kwamba soka la wanawake likikua, makocha wanawake wataongezeka bila kusukumwa. Marekani inatoa onyo. Mwaka 1972 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyoitwa Title IX, iliyovilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwapa wanawake nafasi sawa, michezo ikiwemo. Idadi ya wachezaji wa kike vyuoni ilipanda mno. Chuo Kikuu cha North Carolina kilianzisha timu ya soka ya wanawake mwaka 1979 chini ya Anson Dorrance, aliyekaa kwenye benchi hilo mpaka 2024, akatwaa mataji 21 ya NCAA, mashindano ya vyuo vya nchi hiyo, na kumlea mshambuliaji Mia Hamm. Lakini kabla ya sheria ile, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Miongo minne baadaye walikuwa chini ya nusu. Mshahara ulipokuja, wanaume waliomba kazi. Dorrance ni mwalimu hodari na hakuna sababu ya kumnyang'anya sifa zake. Takwimu zile zinaonyesha tu kwamba kukua kwa mchezo na kukua kwa walimu wanawake ni mambo mawili, na la pili halijileti.

Tanzania inaingia njia hiyohiyo sasa. Mchezaji wa Twiga Stars Clara Luvanga amekwenda kucheza Saudi Arabia, mwenzake Aisha Masaka alipita Sweden kabla ya kwenda Brighton ya Uingereza, na Twiga Stars ilirudi fainali za Afrika kule Morocco Julai 2025, ikapata pointi yake ya kwanza katika mashindano hayo kwa sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Fedha zinakuja. Swali la nani atakaa kwenye viti vya benchi linajibiwa miaka hii, wala si kesho kutwa.

Mlima wenyewe umeshachezewa soka la wanawake. Tarehe 24 Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo Petra Landers wa Ujerumani na Lori Lindsey wa Marekani, walicheza mechi kamili ya dakika 90 ndani ya kreta ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari. Uwanja ulikuwa wa majivu ya volkano, timu ziliitwa Volcano FC na Glacier FC, na matokeo yalikuwa 0-0. Siku ya anga safi, kilele hicho huonekana kutoka viwanja vya Kirua Vunjo. Wanawake wa dunia walikuja kuchezea juu ya vichwa vya mabinti wanaotafuta mahali pa kuuweka mpira chini.

Basi ombi hili liwafikie wakuu wa vyuo vya Moshi na Marangu, na walimu wa michezo wanaowasaidia. Kila mwaka nahodha wa timu yenu ya wasichana huhitimu, hukabidhi jezi na kuondoka na cheti cha uhasibu, ushirika au ualimu. Kabla hajaondoka, mwekeni kwenye kiti cha msaidizi kwa msimu mmoja, mpeni daftari la mazoezi aliandike yeye, kisha mlipieni kozi. Leseni D ya CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, ndiyo ngazi ya kwanza. Na mlezi anayesimama nyuma na dumu la maji, mwulizeni naye kama angependa kwenda.